Ushauri: Shinobi ya 3DS, rivyu zinagongana. Ninunue au niachane nayo?

Kidole_Gumba (mleta mada)

Wakuu habari zenu.

Naombeni ushauri kabla ya Jumamosi. Kuna mtu anauza kaseti ya Shinobi, gemu la ninja la Nintendo 3DS (ile mashine ya gemu ya kushika mkononi), lililotoka Novemba 2011, na ameniambia ataniwekea mpaka siku hiyo tu. Magemu ya ninja nayapenda tangu utotoni, ila siku hizi muda wangu wa kucheza ni nusu saa usiku, watoto wakishalala. Nikinunua gemu likaishia kabatini roho inaniuma sana, na imeshanitokea mara mbili kwa kufuata maksi za wahakiki.

Nimesoma rivyu nane na zote zimenivuruga. Huyu anasema ni gumu kama Shinobi za zamani na ndiyo raha yake. Yule anasema ni gumu mpaka linachosha, unakufa kwanza ndipo ujue kuna nini mbele. Yaani jambo lile lile, mmoja linampandishia maksi, mwingine linamshushia! Kujaribu kwanza siwezi: duka la mtandaoni la 3DS lilifungwa Machi 2023, na sina rafiki mwenye kaseti hiyo. Nimwamini nani? Nawasilisha.

Mama_Vitufe

Kaka, mimi nimelimaliza mara mbili, ngazi ya kawaida na ile ngumu. Nunua, lakini ujue unanunua nini.

Gemu hili siyo la kukimbia na kukata. Jiro Musashi, ninja unayemchezesha (ni baba yake Joe Musashi wa Shinobi za mwanzo), ana panga, visu vya kurusha, kamba yenye ndoano na uchawi wa kininja, ila roho ya gemu ni kitufe cha R, kile cha juu kulia. R ni kupangua. Adui anapoinua mkono unasubiri, unasubiri tena kidogo, halafu unabonyeza. Ukiwahi umepigwa, ukichelewa umepigwa. Ukipatia, chuma kinalia, adui anabaki wazi mbele yako na wewe hujapungukiwa hata tone la damu. Hata vinavyorushwa kutoka mbali vinapanguliwa.

Usiku wa kwanza nilikufa hovyo kwa sababu nilikuwa nabonyeza R mfululizo kama mtu anayegonga mlango. Usiku wa tatu kidole kikaanza kusubiri chenyewe. Kuna sehemu maadui wawili wananibana, mmoja yuko karibu, mwingine anarusha kutoka upande wa pili. Nilipangua la mbali, nikageuka, nikapangua la karibu, nikakata mara moja. Niliweka mashine chini nikatulia kidogo. Raha hiyo hakuna mhakiki aliyewahi kunieleza.

Sijalala

Mama Vitufe kasema kweli kuhusu R, ila mleta mada usiuziwe upande mmoja tu.

Kupangua hakukusaidii kwenye shimo. Skrini ya 3DS ni fupi, kuna miruko ambayo huoni unakotua mpaka umeshatoka chini. Ukikosea, maisha yamekwenda. Ndicho wanachokilalamikia wale wa "unakufa ili ujue", na wako sahihi kabisa. Halafu kuna sehemu za kupanda farasi ambapo kamera inakaa nyuma yako. Pale gemu linaacha kila ulichokuwa unajifunza. Mimi ziliniudhi.

Kingine, angalieni lilitoka lini. Mwaka 2011 ndiyo 3DS imeingia sokoni, kila mtu anataka aonyeshwe maajabu ya 3D (picha zenye kina), na mwezi huo huo wa Novemba ikatoka Super Mario 3D Land. Ukiweka Shinobi pembeni yake, sura yake inapauka. Naamini maksi kadhaa zilipotelea hapo, na hazina uhusiano wowote na ugumu.

Upepo_Mkali

Mkuu achana nayo, chukua The Messenger ya 2018. Ninja, gumu, na limetengenezwa vizuri zaidi.

Kidole_Gumba

Ndugu Upepo, asante, ila nina 3DS tu. The Messenger haipo kwenye 3DS.

Mzee_wa_Stejini

Hata The Messenger wahakiki waligawanyika, mdogo wangu Upepo. Nusu ya kwanza wengi waliipenda, nusu ya pili inayokurudisha ulikotoka ikawachosha baadhi yao.

Sasa Kidole Gumba, nisikilize. Mhakiki mara nyingi anapewa gemu akiwa na tarehe ya kuwasilisha rivyu. Analicheza saa nyingi mfululizo, ameshachoka, na lazima amalize. Gemu linalotaka kidole kijifunze polepole litamuumiza kuliko litakavyokuumiza wewe wa nusu saa. Wewe unalala, kesho kidole kinaamka kimeelewa. Kwa hiyo maksi ziache. Tafuta kwenye kila rivyu ule mstari anaosema *alikufa vipi*.

Nakupa mfano. Ninja Gaiden ya mwaka 1988, ile ya NES (mashine ya zamani ya Nintendo), wanaoipenda na wanaoichukia wote wanakutajia ndege. Unaruka shimo, ndege anakuja, anakugonga, unasukumwa nyuma, unaangukia shimoni. Ukipigwa na bosi wa mwisho (yule adui mkubwa) unarudishwa mbali mno. Mtu akisema "niliuawa na ndege shimoni", hapo unapata habari. Umeshajua kama utavumilia au hutavumilia. Akisema "gumu sana, 6 kati ya 10", hajakwambia kitu.

Na ngazi ya wanaoanza ipo kwenye Shinobi hii. Usione aibu, anzia hapo.

Sijalala

Naunga mkono hoja ya Mzee. Mimi mashimo ndiyo yaliyonishinda, na nasema wazi.

Kidole_Gumba

Wakuu nimerudi. Jana usiku nilizisoma upya zile rivyu nane kwa jicho la Mzee, nikawa naandika pembeni kila mmoja alikufa vipi. Watano wanaeleza. Wawili ni mashimo, mmoja ni bosi, wawili wanakiri hawakuizoea R. Watatu waliobaki wanasema "gumu" tu, na wawili kati yao ndio waliotoa maksi za chini kuliko wote.

Mashimo nayavumilia, nimekulia kwenye mashimo. Kwa hiyo leo nimeichukua kaseti, sikusubiri Jumamosi.

Nimecheza nusu saa, ngazi ya kawaida (samahani Mzee). Nimekufa mara saba. Mbili shimoni, tano ni mimi na papara zangu kwenye R. Mara moja tu nimepangua vile Mama Vitufe alivyosema, nikashtuka mwenyewe. Ila kidole cha shahada kinauma, mashine yangu ni ile ndogo ya mwanzo. Ni kawaida?

Mama_Vitufe

Hongera kaka! Unaibana sana. Weka mto mapajani, mashine ikae juu yake, mikono isiibebe. R igusie ncha ya kidole, usiikandamize. Na ukishakufa mara tatu sehemu moja, ifunge mpaka kesho usiku.