Printa nimenunua kwa hela yangu, leo inaniambia wino niliotia umezuiwa. Hii mali ni ya nani?

Wakuu, salaam. Nina hasira, mtanisamehe nikiandika kama mtu aliyekabwa. Asiyependa gazeti refu apite kushoto.

Mimi ni mtu wa steshenari hapa Morogoro. Kutoa kopi, kuprinti, kuskani, picha za paspoti, fomu za watu. Juni nilinunua printa mpya ya leza, ile ya nyeusi na nyeupe tu, shilingi 1,150,000 taslimu, risiti ninayo. Kampuni iliyoitengeneza siitaji, na duka la Dar lililoniuzia silitaji, maana hela ya wakili sina.

Jumanne ya juzi, saa mbili kasoro asubuhi, nimefungua tu, foleni imeshafika kwenye mti. Ni msimu wa fomu za mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Vijana waliomaliza kidato cha sita wanakuja na flashi au wanakutumia kwa WhatsApp, fomu inatoka, anakimbia nayo kwa mwenyekiti wa mtaa, akitoka hapo anakwenda kwa wakili kupigiwa muhuri, halafu anarudi kwangu niiskani aipandishe mtandaoni. Akikwama kwangu, siku yake yote imekwama. Wa kwanza alikuwa kijana na mama yake, wametoka Mlali na gari la alfajiri. Ukurasa wa kwanza ukatoka. Wa pili mashine ikaguna, ikasimama, taa ya chungwa ikawaka. Kwenye kioo chake kidogo yakatokea maneno ya Kiingereza, maana yake katriji iliyomo si halisi, imezuiwa, nitie ya kampuni.

Katriji ileile! Jumatatu jioni imeniprintia ripoti ya mtu kurasa 140 bila kukohoa.

Nikaichomoa, nikaitikisa, nikaifuta chipu kwa kifutio kama tunavyofanya siku zote, nikairudisha. Wapi. Mama akaniuliza, "Baba, wino umeisha?" Nikamwambia, "Hapana mama, wino upo." "Karatasi je?" "Zipo." "Basi umeme mdogo." Nikakosa la kumjibu. Unamwambiaje mtu mzima aliyeamka saa kumi usiku kwamba kila kitu kipo, ila mashine imekatazwa kufanya kazi na watu wa ng'ambo? Nikawapeleka kwa jirani yangu, ambaye ndiye mshindani wangu. Ana mtambo wa zamani ulioota rangi ya chai. Ukatoa fomu zote. Jamaa akanitazama kwa huruma, na ile huruma yake ndiyo iliyonileta hapa kuandika.

Kilichotokea ni kwamba usiku ule ilijiapdeti. Niliiunganisha na wai-fai siku ya kwanza kwa sababu iligoma kumaliza kujisajili bila intaneti na bila kufungua akaunti kwao. Basi usiku ikavuta programu mpya, na kazi kubwa ya programu hiyo ni kuzitambua chipu za mafundi na kuzikataa.

Haya, hesabu. Tona halisi Dar ni 280,000, inatoa kurasa kama 2,000. Mimi ukurasa nauza shilingi 100. Nikiimaliza yote nimeingiza laki mbili. Yaani nimekula hasara ya elfu themanini na bado sijanunua rimu wala luku. Fundi wangu anaijaza na kubadilisha chipu kwa 20,000. Steshenari nyingi mnazoziona karibu na vyuo zinaishi kwa mgongo wa fundi mwenye funeli na kopo la unga mweusi. Anayebisha alete hesabu zake.

Nikapiga simu duka la Dar. Kijana ana adabu, simlaumu. "Bosi, hiyo ni kwa usalama wako, katriji za mtaani zinaweza kuingiza virusi." Virusi kwenye unga! Nikajua ni maneno ya kijana wa dukani tu, kumbe mkuu wa HP, kampuni ya printa ya Marekani, naye alisema maneno ya namna hiyo kwenye televisheni ya Marekani Januari 2024. Nilipombana yule kijana ndipo akatoa la moyoni: "Bosi, wewe umenunua mashine. Programu iliyomo ni hakimiliki ya kampuni, wewe umepewa leseni tu ya kuitumia."

Hapo ndipo usingizi uliponikimbia. Chuma changu, umeme wangu, kodi ya pango yangu, ila kinachokiamuru chuma ni mali ya mtu mwingine na anakuja kukibadilisha nikiwa nimelala. Siku tatu nimekaa nasoma mambo haya, kompyuta haina kazi nyingine ya kufanya.

Ugomvi huu una miaka zaidi ya ishirini. Mwaka 1998 Marekani walitunga sheria inayoitwa DMCA, ikafanya kuwa kosa kuvunja kufuli ya kidijiti inayolinda kazi yenye hakimiliki. Waliokuwa wanalia wakati ule ni watu wa sinema na muziki. Hata miaka mitano haijapita, Lexmark, watengenezaji wa printa wa kule Kentucky, wakaichukua sheria hiyohiyo wakamshtaki Static Control, kampuni iliyokuwa inatengeneza chipu za wajazaji wa tona. Hoja yao ni kwamba programu iliyomo kwenye chipu ya katriji ni kazi ya sanaa na fikra, ina hakimiliki, haigusiki. Mnajua programu yenyewe ilikuwa na ukubwa gani? Aina moja baiti 37, nyingine baiti 55. Mahakama ya rufaa ilitia neno lake: ukiandika tu majina ya pande mbili za kesi, yanachukua nafasi kubwa kuliko programu hiyo. Mahakama ya chini ilikuwa imewapa Lexmark zuio mwaka 2003, rufaa ikalitengua Oktoba 2004.

Lexmark hawakukoma. Walirudi kwa mlango wa hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, wakambana mtu mdogo wa West Virginia aliyekuwa anauza katriji zilizojazwa upya. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawaambia ukishauza kitu umeuza, haki yako ya hataza juu ya kitu hicho imekwisha, hata kama ulikiuzia nje ya nchi. Jaji Mkuu akatoa mfano wa gereji inayokarabati magari yaliyotumika: je, fundi akae anaogopa kila mwenye hataza ya kila kifaa kilichomo ndani ya gari? Niliposoma hapo nilipiga meza. Hebu fikiria Tanzania hii bila magari yaliyotumika na bila gereji za chini ya mwembe.

Mtaniuliza, kama wajazaji walishinda, wewe unalia nini? Nalia kwa sababu mahakama zilisema kujaza ni ruhusa. Hazikusema kampuni imekatazwa kutengeneza mashine inayokataa kilichojazwa. Hapo ndipo kampuni zilipopenya. Septemba 2016 printa za HP sehemu mbalimbali duniani ziliamka zikakataa katriji zisizo zao kwa siku moja, programu ilikuwa imeshamo ndani inangoja tarehe. Italia iliwatoza HP faini ya euro milioni 10 mwaka 2020, sababu mojawapo ni kutowaambia wateja wazi kuhusu vizuizi hivyo. Sisi hapa kuna mtu aliyewahi kupeleka kesi ya namna hii Tume ya Ushindani? Naomba jibu la mtu aliyefanya, si la "nadhani".

Sasa kuna jambo limeniuma kuliko hata hela. Mpwa wangu anasoma kompyuta chuoni. Akaja Jumatano, akanishauri, "Mjomba, tuweke Linux, achana na Windows." Akaweka. Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta kama Windows, ila wa bure. Printa ikaprinti ukurasa wa majaribio kwa kutumia katriji halisi niliyoazima, safi, bila kuweka diski wala kufungua akaunti. Tukarudisha ya fundi, ikakataa vilevile. Kufuli haimo kwenye kompyuta, imo tumboni mwa printa.

Mpwa akaanza kupekua menyu za printa, akafika kwenye ukurasa wa leseni, akaanza kucheka peke yake. Humo ndani ya printa yangu mna Linux! Mna orodha ndefu ya programu huria, na maandishi ya GPL, leseni ya programu huria, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kazi ya watu waliojitolea, wakaandika na kugawa bure ili kila mtu aweze kuibadilisha, ndiyo imebebwa, ikafungwa kwa kufuli, nikauziwa mimi nisiyeruhusiwa kubadilisha hata herufi.

Na mjue vuguvugu lenyewe la programu huria lilizaliwa na printa. Miaka ya 1980 mwanzoni, Richard Stallman, mwandishi wa programu, alikuwa chuo cha MIT huko Marekani, maabara yao ikapewa printa ya leza ya Xerox. Ile ya zamani alikuwa ameitengenezea programu ya kuwatumia ujumbe watu wote wanaongoja pindi karatasi inaponasa, ili mmoja anyanyuke akaichomoe. Kwenye hii mpya akataka kufanya vilevile, msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, hakupewa. Akamfuata mtu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliyekuwa nao, akamwambia nimeahidi kutokutoa. Stallman aliondoka na kinyongo, 1983 akatangaza GNU, mradi wa kutengeneza mfumo huria wa kompyuta, na leseni ya GPL ikatoka 1989. Miaka arobaini baadaye leseni hiyohiyo imo ndani ya printa inayomkatalia mwenye nayo.

Mpwa anasema watu wa programu huria wenyewe waliliona tatizo hili. Kulikuwa na kisanduku cha kurekodi televisheni kinaitwa TiVo, kilitumia Linux na msimbo walitoa kama leseni inavyotaka, lakini ukiubadilisha, kisanduku hakiwaki. GPL toleo la tatu la 2007 likawekwa kifungu cha kuzuia ujanja huo. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akakataa, Linux ikabaki kwenye toleo la pili. Hoja yake ni kwamba yeye anadai msimbo urudi, mambo ya chuma ni ya mwenye kukitengeneza. Mpwa yuko upande wake. Tumebishana hadi chai ikapoa. Mimi sijui kuandika hata mstari mmoja wa programu, lakini kwa hili niko na mzee Stallman, pamoja na ukorofi wake wote. Msimbo ninaoweza kuusoma na siwezi kuutia kwenye mashine yangu utanisaidia nini, niutundike ukutani?

Faragha nayo. Kwenye masharti niliyokubali bila kusoma (nani anasoma na wateja wako mlangoni?) imeandikwa kwamba mashine inapeleka kwao idadi ya kurasa, aina ya faili, programu iliyotumika, saa, na chapa ya katriji. Hawasemi wanachukua maandishi yenyewe, nisiwazushie. Lakini kwenye meza yangu vinapita vyeti vya ndoa, namba za NIDA, hati za viwanja, majibu ya hospitali. Mimi kila jioni nafuta faili za wateja, ndiyo amana ya kazi hii. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, tuna Tume yake. Mteja wangu hajakubali lolote na kampuni hiyo, hata jina lake halijui.

Wenye printa za rangi za leza, nyinyi mna lenu: nyingi zinachapa vidoti vya njano visivyoonekana kwa macho kwenye kila karatasi. Mwaka 2005 watu wa EFF, shirika la Marekani la kutetea haki za kidijiti, walivifumbua vya printa moja ya Xerox, wakakuta tarehe, saa na namba ya mashine. Tafuta kioo cha kukuzia na taa ya bluu ujionee.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika, "Nyie wa steshenari ndio wezi wa hakimiliki, mnatoa kopi vitabu vizima." Ni kweli, madesa yanatoka hapa na mimi nimeyatoa. Mwandishi wa kitabu ana haki ya kunichukia, COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, wakija nitainamisha kichwa. Ila mwandishi yule alifanya kazi nami nikamdhulumu. Huyu wa printa nilimlipa yote, na anadai tena kwa kila gramu ya unga.

HARIRI: Mnaosema nizime wai-fai, nimezima, haisaidii, programu ya zamani hairudi, imefungwa isishushwe. Mnaosema ninunue printa ya tenki la wino, asanteni, nimeipigia hesabu, wino ni nafuu kweli. Lakini ile niliyoijaribu, karatasi ikishikwa na jasho maandishi yanachuja, na fomu hizi zinapita mikono minne kabla ya muhuri. Ninachotafuta ni ya leza ya zamani, isiyojua intaneti. Mwenye nayo hapa Moro aje PM, nakuja na hela mkononi.

HARIRI 2: Yule mama wa Mlali alirudi leo mchana. Saini ya mwenyekiti haikuonekana kwenye skani, anataka ukurasa mmoja tu uprintiwe upya. Nimempeleka kwa jirani.