Kanuni za eneo, mzingo na pembe ninazijua, lakini maswali ya mafumbo yananishinda

Swali

Ndugu zangu wapenda hisabati, ninaomba msaada wenu. Jioni huwa ninakaa na binti yangu kumsaidia hesabu za maumbo, na kanuni zenyewe ninazikumbuka vizuri: eneo la mstatili ni urefu mara upana, mzingo ni urefu jumlisha upana kisha mara mbili, na jumla ya pembe za ndani za pembetatu ni nyuzi 180. Nikipewa umbo lililokwisha kuchorwa, ninalikokotoa bila taabu. Swali likija kwa maneno matupu, ninajikuta nikizidisha kila namba ninayoiona kwa kubahatisha. Haya hapa ni maswali matatu yaliyotushinda juzi.

La kwanza: bustani ya mstatili yenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 8 imezungukwa kwa nje na njia yenye upana wa mita 1 kila upande. Tafuta eneo la njia hiyo. Niliongeza mita 1 kwenye urefu na mita 1 kwenye upana, nikapata 13 × 9 = 117, nikatoa eneo la bustani ambalo ni 96, zikabaki mita za mraba 21. Kitabu kinasema 44. Nikabadili mbinu: mzingo wa bustani ni mita 40, njia ina upana wa mita 1, basi 40 × 1 = 40. Jibu hili la pili ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu limekaribia mno na bado si lenyewe.

La pili: mzingo wa mstatili ni mita 36 na urefu wake ni mara mbili ya upana. Tafuta eneo. Niligawanya 36 kwa 3, upana ukawa 12 na urefu 24, eneo likawa 288. Kitabu kinasema 72.

La tatu: tafuta pembe ndogo iliyopo kati ya mishale miwili ya saa ya ukutani ifikapo saa tisa na nusu alasiri. Nilikumbuka kwamba mshale mfupi nao husogea, nikapata nyuzi 105. Kitabu kinasema 75.

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, umefanya vyema kuandika hatua zako zote, kwa kuwa zinaonyesha mahali hasa ulipokwama. Nitashughulikia bustani peke yake, maana ina mengi ya kufundisha.

Chora mstatili wa bustani, kisha chora mwingine mkubwa kuuzunguka. Sasa weka kidole kwenye ukingo wa nje wa njia upande wa kushoto na ukivushe polepole hadi ukingo wa nje upande wa kulia. Kidole chako kimepita juu ya mita 1 ya njia, mita 12 za bustani, na mita 1 nyingine ya njia. Jumla ni 14, wala si 13. Fanya vivyo hivyo kutoka chini kwenda juu utapata 10. Kwa hiyo mstatili mkubwa una eneo la 14 × 10 = 140, na ukiondoa 96 zinabaki 44. Ulipoongeza mita 1 pekee kila upande wa hesabu, uliijenga njia kwenye pande mbili tu zinazopakana, na pande mbili nyingine ukaziacha bila njia.

Mbinu yako ya pili ninaipenda kuliko ya kwanza, na ninakusihi usiitupe. Ulichofanya ni kukata vipande virefu vinne na kuvilaza kando ya bustani: viwili vya 12 × 1 na viwili vya 8 × 1, ambavyo jumla yake ni 40. Vilaze kwenye mchoro wako kisha utazame kona. Kila kona ina kijiraba kitupu cha 1 × 1 ambacho hakuna kipande kilichokifikia. Viko vinne, na hizo ndizo mita za mraba 4 zilizokupotea.

Ukitaka kujihakikishia, panua njia iwe ya mita 2. Vipande vinatoa 40 × 2 = 80, kona nne za 2 × 2 zinatoa 16, jumla 96. Kwa mbinu ya mstatili mkubwa: 16 × 12 = 192, toa 96, zinabaki 96. Njia ya mita 2 tu ina eneo sawasawa na bustani yenyewe, jambo ambalo macho hayawezi kulikisia.

Kisha mpe binti yako swali lile lile, lakini maneno "kwa nje" yawe "kwa ndani", njia ikiwa ya mita 1. Bustani inayobaki katikati ni 10 × 6 = 60, na njia ni 96 − 60 = 36. Safari hii ni 40 toa 4, kwa kuwa vipande vinapandana kwenye kona na kila kijiraba kinahesabiwa mara mbili.

Jibu la pili

Swali la pili ni jepesi ukilitembea kwa miguu. Anayezunguka mstatili hupita upana mara mbili na urefu mara mbili. Upana ukiwa fungu moja, urefu ni mafungu mawili, hivyo mzunguko mzima ni 1 + 2 + 1 + 2, yaani mafungu 6, si 3. Fungu moja ni mita 6. Upana ni 6, urefu ni 12, na eneo ni mita za mraba 72. Vipimo vyako vya 12 na 24 vingekupa mzingo wa mita 72, na ungezirudisha kwenye swali ungeona mara moja kwamba hazilingani na 36. (Hizo 72 ni mita za urefu, zisichanganywe na mita za mraba 72 za jibu.)

Kuhusu saa, hesabu yako ya mwendo wa mishale ni sahihi kabisa, na kosa limetoka kwenye lugha. Sisi huhesabu saa za mchana tangu kucha, ilhali namba zilizoandikwa kwenye uso wa saa huanzia mahali pengine. Ifikapo saa tisa na nusu alasiri, mshale mfupi hauko kati ya 9 na 10, bali uko kati ya 3 na 4. Mzunguko mzima ni nyuzi 360, kwa hiyo kutoka namba moja hadi nyingine ni nyuzi 30. Tukipima kuanzia 12, mshale mfupi uko kwenye 90 + 15 = 105, mrefu uko kwenye 180, na tofauti ni 75. Wewe uliuweka mshale mfupi kwenye 285, ukatoa 180, ukapata 105.

Angalia pia kwamba 75 na 105 zinajumlika kuwa 180. Namba tunayoitamka na namba inayoonyeshwa na mshale hutazamana daima: 9 na 3, 7 na 1, 12 na 6. Ukikosea hivyo, mshale umeugeuza nusu mzunguko kamili.

Muulizaji

Ninawashukuru sana, ndugu zangu. Nimechora bustani na kuziona kona nne kwa macho yangu. Binti yangu ameniuliza jambo ambalo sikuwa na jibu lake la hakika: tukizungushia bustani hiyo nguzo kila baada ya mita 2, zitahitajika nguzo 20 au 21?

Jibu la tatu

Ni 20. Mzingo ni mita 40, nafasi ni 20, na katika mzunguko uliofungwa nafasi ya mwisho huishia kwenye nguzo ya kwanza. Zingepangwa katika mstari ulionyooka wa mita 40, zingehitajika 21, kwa kuwa mstari una ncha mbili na kila ncha inataka nguzo yake. Mwambie achore mraba mdogo wenye nguzo kwenye kona tu, ahesabu nguzo na nafasi, kisha aukate mraba huo kwenye kona moja na kuunyoosha: nafasi zitabaki nne, lakini ile nguzo ya kona iliyokatwa itatakiwa kwenye ncha zote mbili, na nguzo zitakuwa tano.