Tupeane uzoefu: mlioacha pombe, nyumbani walianzaje kuwaamini tena?

Wenzangu wa Malindi, leo siku ya 47 sijagusa mnazi wala chang'aa. Mwili umetulia, nyumbani bado. Jana nilichelewa nusu saa tu sokoni. Mke wangu akanisogelea mlangoni kama anayenitoa uzi begani, kumbe ananusa. Niliumia sana. Nyinyi mlipitaje hapa?

Mvuvi wa Shela
Ndugu yangu, mwache anuse. Mie nilinuswa karibu mwaka mzima. Kosa langu lilikuwa viapo: nilishika Msahafu mara tatu, na mara zote tatu nikarudi mangweni. Safari hii sikuahidi kitu. Samaki wakishapimwa, nilimwomba tajiri pesa azitume kwa M-Pesa moja kwa moja kwenye simu ya mke wangu, mie nipewe ya chai. Miezi mitano mke wangu hakusema lolote. Kisha siku moja akaacha mkoba wake mezani, zipu wazi, akaenda kuteka maji. Nilikaa nikiutazama ule mkoba. Zamani alikuwa akilala nao chini ya mto.

Mama wa Barani
Mimi ni mke. Wangu aliacha ghafla. Siku ya pili akawa anatetemeka, jasho linamtoka, anaona watu wasiokuwapo. Tulimkimbiza hospitali. Tafadhalini, aliyezoea kunywa kila siku asiache bila daktari kujua, anaweza kufa. Baadaye, samahani zake hata sikuzihitaji. Akisema anarudi magharibi, arudi magharibi. Na hamu ikimshika aniambie kabla hajatoka, hata kama ni usiku wa manane.

Baba wa binti mmoja
Alcoholics Anonymous, kundi la watu wanaosaidiana kuacha pombe, walioanza Marekani mwaka 1935, wana hatua 12. Ya 8 ni kuorodhesha uliowakosea, ya 9 kuwafidia, ila pale ambapo kufanya hivyo kutawaumiza. Wa kwanza kwangu ni binti yangu, nilinywa karo yake ya kidato cha pili. Nailipa kidogo kidogo. Ananipa shikamoo, basi, na simlazimishi zaidi. Juzi ameniomba nimsindikize stendi alfajiri, apande basi la Mombasa. Saa kumi nilikuwa mlangoni na tochi.

Mwenye swali
Nimesoma hizi mara mbili. Jioni nikifika nitasimama pale pale mlangoni, nimngoje.