Eti "futa hiyo safu, haina kazi"! Mbele ya watu!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Simtaji, mnamjua. Yule yule wa "sisi enzi zetu".

Leo kikaoni nimefungua matriksi yangu ya dizaini ukutani, lile jedwali linaloonyesha nini kilitokea lini kwenye skana. Ni fMRI ya kumbukumbu (picha za ubongo ukiwa kazini), dizaini mseto, yaani bloku ndefu za kazi zenye matukio mafupi ndani yake. Rigresa, yaani safu za jedwali, za maneno yaliyokuja kukumbukwa zipo, yaliyosahaulika zipo, mwanzo na mwisho wa bloku zipo. Na safu ya bloku yenyewe, inayobeba ile hali ya ubongo inayodumu kazi nzima. Jamaa akainuka, akanipokonya kipanya MKONONI, kishale juu ya safu ya bloku, akafuta. "Haina kazi. Matukio yanatosha."

Haina kazi! Sasa mseto wa nini? Ukiitoa, ule mwinuko wa kudumu hauendi likizo, unajimwaga kwenye makadirio ya matukio, kisha mtatangaziwa hipokampasi, ile sehemu ya ubongo ya kumbukumbu, imewaka. Imewaka babu yake! Huyu angekuwa fundi wa Nuhu angefuta safina, eti wanyama wanatosha.

Na kipanya kilikuwa changu. Wageni wanatazama.

Mtumwa wa Vokseli: Pole mkuu. Ctrl+Z huna? 😂

Kichwa Chini: Maneno uliyapishanisha kwa nafasi zisizolingana? Yakibanana, HRF (mwitikio wa damu ubongoni, wa polepole) inayalainisha yote yanageuka bloku, safu mbili zinagombania kitu kimoja.

Mleta uzi: Niliyapishanisha! Tena matukio nimeyapa FIR, yaani mwitikio unakadiriwa nukta kwa nukta, bila kuulazimisha umbo. Hilo hakuuliza. Alipokonya kipanya tu.

Bi Skana: Afadhali wewe. Wangu anataka rigresa 24 za mtikisiko wa kichwa, 6 hazimtoshi. Anataka na pumzi na mapigo ya moyo. Digrii huru, yaani data inayobaki baada ya kulisha safu zote hizo, zitabaki za kuombea.

Mzee Filta: Bloku zako ndefu kiasi gani? SPM, ile programu ya uchambuzi, ukiiacha na filta yake ya sekunde 128 ya kuondoa mabadiliko ya polepole, bloku ndefu inachujwa yenyewe.

Mleta uzi: Mzee, sijauliza filta.

Mtumwa wa Vokseli: Hahaha kumbe safu ilishakufa, jamaa alikuja kuzika tu.

Mleta uzi: KIPANYA. MKONONI. MWANGU.

Kidole Juu: Nyie mna bahati mna waliosahau. Mimi mshiriki wangu kakumbuka kila neno. Safu ya yaliyosahaulika tupu, zero tupu, ulinganisho haufanyiki.

Bi Skana: Wangu alilala humo ndani, hakumbuki hata moja. Tubadilishane.

Kidole Juu: 😂😂 Nitumie. Halafu dada, maneno ambayo mtu hakubonyeza kitufe cha jibu unayaweka wapi?

Bi Skana: Rigresa yake peke yake. Ukiyaacha bila safu yanachanganyika na muda wa kupumzika.

Kichwa Chini: Na aliyebonyeza vitufe vyote viwili?

Bi Skana: Huyo nenda kamuulize mwenyewe.