Ushauri: slaidi za kufundishia Kiswahili kwa wageni, nazipata wapi na nazigawaje?

Ticha_wa_Jioni
Wakuu, habari za saa hizi. Nina darasa la mtandaoni la wageni 12 wanaoanza Kiswahili, nusu yao wako kwenye simu. Wiki ijayo tunaingia ngeli ya KI-VI. Nitapata wapi slaidi zilizo tayari, nizipange vipi, na nizigawe vipi bila watu kunivurugia faili? Natumia Google Slides, mara nyingine PowerPoint.

Mpwa_wa_Mrima
Kwenye Google andika: ngeli za Kiswahili filetype:pptx. Yatakuja mafaili ya PowerPoint tu. Kisha weka pdf mahali pa pptx, maana walimu wengi huhifadhi slaidi zao hivyo. Rudia kwa Kiingereza, Swahili noun classes, ukiongeza site:.edu, upate za vyuo vya Marekani.
Angalia leseni kabla ya kuchukua. CC BY, yaani leseni huria ya Creative Commons, inakuruhusu kubadilisha mradi umtaje mwenyewe. Ukiona ND (NoDerivatives, bila mabadiliko), usisambaze uliyoigeuza. Isipoandikwa chochote, hiyo ina mwenyewe: chota wazo, utengeneze yako.

Bibi_Ngeli
Ticha, hata ukipata iliyo tayari, isome neno kwa neno. Utakuta picha ya kiboko, yule mnyama wa mtoni, imepangwa pamoja na kiti na kikombe. Mwanafunzi atakuambia "kiboko kikubwa kimelala", na kosa litakuwa la slaidi. Mnyama ni "kiboko mkubwa amelala". Cha kuchapia ndicho "kimekatika". Kijana, kipofu na kiongozi nao wasubiri somo la pili, wakiwa na upatanisho wa A-WA.
Slaidi ya kwanza iwe hivi: kushoto picha ya kisu kimoja, kulia visu vitatu. Chini andika "Kisu kimoja kimeanguka", "Visu vitatu vimeanguka". Kila ki- ipake bluu iliyokolea, kila vi- nyekundu, maneno mengine meusi. Njano kwenye nyeupe haisomeki simuni. Herufi zisishuke chini ya 28, na sentensi mbili zinatosha kwa slaidi moja. Picha utapata Wikimedia Commons, kila moja ina leseni yake chini.
Na tafadhali zima masahihisho ya kujiendesha ya PowerPoint kabla ya kuchora jedwali. Ukiandika ki- kwenye kisanduku, inageuzwa Ki-, na mgeni atadhani herufi kubwa ni sehemu ya kanuni.

Fundi_Faili
Kugawa kwa Google Slides: bonyeza kitufe cha kushiriki, chagua yeyote mwenye linki aweze kutazama tu. Nakili linki, futa neno edit na vyote vinavyolifuata, andika copy. Atakayeifungua ataulizwa kama anataka nakala yake, ataandika humo na yako haiguswi. Lazima awe na akaunti ya Google.
Wa simu wape PDF: mahali pa edit weka export/pdf, inapakuliwa yenyewe. Ila PDF inaua sauti na mijongeo (animation). Jibu ulilolificha litokee ukibofya litaonekana papo hapo na swali, kwa hiyo swali liwe slaidi yake, jibu slaidi inayofuata.
Sauti ndiyo inayowakwaza wengi. Faili la mp3 linakaa Google Drive na lina ruhusa yake. Usipolishiriki nalo, wewe utasikia matamshi, wao watapata kimya.

Ticha_wa_Jioni
Asanteni sana, hasa hapo pa kiboko, nilikuwa nimeshamweka. Je, faili la PowerPoint likifika MB 60? Bando za wanafunzi hazitoshi.

Fundi_Faili
Hizo ni picha za kamera, hazijapunguzwa. Bofya picha yoyote, nenda kwenye menyu ya picha, fungua Compress Pictures. Ondoa tiki inayosema picha hii peke yake, acha tiki ya kufuta sehemu zilizokatwa, chagua 150 ppi (kipimo cha ubora wa picha), kisha hifadhi kwa jina jipya ili ile ya mwanzo ibaki. Likikataa kupungua, kagua kama kuna video ndani. Itoe, uweke linki yake.