Naomba ushauri: huyu mzee wa kanisa aungame au anyamaze?

Habari zenu wapendwa. Naandika tamthilia kuhusu Wapuritani, Wakristo wa msimamo mkali waliotoka Uingereza, wa Plymouth, Marekani, na nimekwama onyesho la mwisho.

Sheria yao ya 1658 ilitaka mzinzi ashonewe herufi AD (kutoka neno la Kiingereza adultery, yaani uzinzi) kwenye vazi la juu, mkononi au mgongoni. Akikutwa hajazivaa, anachapwa viboko hadharani. Jirani zao wa Massachusetts walikuwa wakali zaidi: mwaka 1644 Mary Latham na James Britton walinyongwa Boston kwa kosa hilohilo.

Mhusika wangu ni mke wa mtu, fundi wa kushona. Anakata herufi zake mwenyewe, anatunga uzi kwenye sindano, mkono unatetemeka. Hamtaji mwanamume aliyezini naye. Mwanamume huyo ni mzee wa kanisa, Jumapili anakaa mbele na Biblia mapajani.

Wenzangu wa kikundi wanataka aungame mwishoni, watu walie. Mimi roho inakataa. Ameshamwacha mwenzake abebe aibu peke yake miaka saba. Akiungama sasa si anautua mzigo wake tu?

Niseme ukweli, nikiwa mdogo nilimwona dada mmoja akisimamishwa mbele ya kanisa letu, mjamzito, anazungusha pindo la khanga kidoleni. Aliyempa mimba alikuwa kwenye kwaya, anaimba. Sijawahi kuisahau ile sauti.

Mngeliandikaje onyesho hili? Na yule mwanamke, mngempa maneno gani ya mwisho? Nawasubiri kwa hamu.