Ini likikatiwa damu: tuzuie makrofaji au nyutrofili?

KijanaTudor
Assalaam alaykum. Kikundi chetu cha kusoma kimekwama hapa. Daktari akibana mishipa ya ini wakati wa upasuaji kisha akaiachia, ini huumia zaidi damu inaporudi. Je, seli gani za kinga tuzizuie? Mimi naziona makrofaji za Kupffer, seli za kinga zinazomeza uchafu, ndizo zenye kosa. Zinaishi humo humo ndani ya ini, hazingoji kuitwa. Damu ikirudi tu zinamwaga radikali za oksijeni (molekuli kali zinazoharibu seli) na TNF-alfa, kemikali ya kuwasha uvimbe.

BiMaabara_Makupa
Waalaykum salaam, mwanangu. Mimi niko na nyutrofili, chembe nyeupe za damu zinazokimbilia penye jeraha. Makrofaji zinatangulia, lakini kuanzia kama saa 6 na kuendelea, nyutrofili ndizo zinazojaa. Zinakula tishu kwa elastasi, kimeng'enya chao, na nyingine zinatupa nyavu za DNA zinazoziba vimishipa vidogo. Mshipa mkubwa uko wazi, damu haifiki kwenye seli! Hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Shekhe_wa_Likoni
Mbona mmezisahau seli T, chembe nyeupe zinazoongoza kinga? Panya walioondolewa seli T za CD4 (aina ya wasaidizi) huumia kidogo, na nyutrofili chache tu ndizo huingia kwenye ini lao. Wala hapo hakuna kijidudu chochote. Seli za ini zinazokufa zenyewe huvujisha HMGB1, protini ya kutoa tahadhari, makrofaji huipokea kwa TLR4, kipokezi chao, basi mwito unasambaa. Ni kama feri ikisimama kisha ikarudi kazini: msongamano unaanza pale geti linapofunguliwa.

DadaMuuguzi
Jamani, mnashindanisha seli bila kutazama saa. Makrofaji hizo hizo ndizo baadaye husafisha maiti za seli na kutoa IL-10, kemikali ya kutuliza uvimbe. Ukiziua zote, nani atafanya ukarabati? Kwa maoni yangu afadhali kupunguza mwito wenyewe kuliko kuwinda anayeuitikia.

Linganisheni mbinu. Kubana kwa Pringle, yaani kubana mishipa inayoingiza damu kwenye ini, ni kwa tangu 1908. Siku hizi wengi hubana dakika 15, huachia 5, kisha hurudia. Ni rahisi na haihitaji mashine, kwa hiyo kwetu ndiyo ningeitanguliza. Kwenye upandikizaji, ini huwekwa kwenye barafu, au hupitishiwa maji baridi yenye oksijeni kwa mashine. Mitokondria, mitambo ya nishati ndani ya seli, zinapata oksijeni kabla ya kukutana na damu, na hapo radikali hupungua. Katika jaribio la Ulaya lililochapishwa 2021, kwa maini ya watoaji viungo ambao moyo ulikuwa umesimama, mirija ya nyongo ilisinyaa kwa 6% ya wagonjwa wa mashine, dhidi ya 18% wa barafu pekee. Mashine ya joto la mwili nayo ina faida yake: unaona ini likitoa nyongo kabla ya kulipandikiza.

KijanaTudor
Ahsante dada. Na mgonjwa aliyeshuka presha ghafla? Huyo hakuna aliyembana mishipa.

BiMaabara_Makupa
Huyo tunamwona kwenye ALT, kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu: inapanda hadi maelfu ndani ya siku moja au mbili, na mzunguko wa damu ukitengemaa inashuka upesi. Ukitazama kipande cha ini lake kwenye hadubini, seli zilizokufa ni zile zinazozunguka mshipa wa kati, kwa sababu damu inapofika pale oksijeni imeshapungua. Kwake dawa ya kuzuia seli za kinga bado hatuna. Tibuni moyo na presha kwanza, na rudieni ALT kesho yake.